Tumbo la Mashine ya Ndururu

Mejumaa binti Chirau,
Nyumba ya bati, ya pili kutoka kisimani,
Kusini kidogo ya Msambweni.

28 Februari, 1967.

Kwa Mheshimiwa Bwana Alfani Mwero,
Katibu wa Ushirika wa Mbata na Korosho,
Ofisini, Kwale mlimani.

Mheshimiwa Katibu,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako nimekwisha kuipokea hata kabla hujaileta: marahaba, mwanangu. Hali yako sikuulizi, kwa kuwa waliotoka huko mlimani wameniambia umenenepa hata kiti cha ofisi kimebadilishwa. Alhamdulillahi. Mimi ni mzima. Miguu ndiyo hunigomea asubuhi, lakini ikishaota jua hunisamehe.

Kwa wingi wa makaratasi yaliyo mezani kwako huenda jina langu limekupotea. Mimi ndiye niliyekupokea siku uliyozaliwa, kule Gazi, nyumbani kwa marehemu mama yako, Bi Dama. Ulitanguliza miguu. Wenzangu walianza kulia, mimi nikamwambia mama yako, "Tulia, huyu ni mtu wa ofisi, ameshaanza kuja kinyume na watu." Basi katika barua hii nikikuita Mheshimiwa, ni kwa ajili ya cheo chako, na nikikuita mwanangu, ni kwa ajili ya mikono hii iliyokuvuta. Yapokee yote mawili, usichague.

Mimi sikusoma. Wakati wangu msichana alifundishwa kusuka ukindu, na sura fupi fupi za Kurani kwa kutega sikio nyuma ya ukuta wa chuo. Kwa hiyo anayeandika ni Sefu, karani wako wa ghala la hapa kwetu, ambaye ndiye unayetaka kumfukuza. Najua utasema, "Loo, mshitakiwa amejiandikia mwenyewe!" Ndiyo. Sasa nani mwingine hapa ana hati ya kupelekwa Kwale? Mjukuu wangu Kadzo amesoma mpaka darasa la saba, lakini hati yake ni kama kuku aliyekanyaga jivu. Nimemkalisha Sefu jamvini, nimemwapisha juu ya chai na mahamri yangu kwamba hataongeza wala hatapunguza. Nikimsifu ataandika. Nikimtukana ataandika vile vile.

Madhumuni ya barua hii ni kuomba tumbo la mashine ya kutoa sarafu liongezwe.

Mashine hiyo unaijua. Wewe ndiye uliyetuletea mwanzo wa msimu huu wa korosho, ukatoa hotuba ndefu juani, ukasema nchi imepata uhuru, na sasa mkulima naye apate fedha yake sawasawa bila kupunjwa na vidole vya mtu. Tukapiga vigelegele. Ni chombo cheusi, kimo cha cherehani, kina meno ya kubonyeza na vibomba vinne vya kioo kwa mbele: cha shilingi, cha sumuni, cha peni, na cha ndururu, yaani zile senti tano zetu za zamani zenye tundu katikati. Mtu akipima korosho zake kwenye mizani, Sefu hubonyeza jino, na sarafu hushuka kwenye kikombe cha shaba, ndi! Hadi leo wako watoto wanaokuja kusikiliza ile ndi.

Kibomba cha ndururu ndicho chenye maradhi. Ndururu zinakwisha upesi mno, na wewe umebandika barua kwenye mlango wa ghala inayouliza kwa herufi kubwa, FEDHA NDOGO ZINAKWENDA WAPI? Umesema maghala mengine ndururu hukaa mwezi, hapa kwetu hazifiki siku mbili, na zikishatoka hazionekani tena, si dukani, si sokoni, si posta, kama zimezama baharini. Umesema kwamba karani anaziuza kwa wenye maduka wanaotafuta chenji. Umesema ifikapo tarehe 15 Machi Sefu akabidhi funguo za ghala aende zake.

Mwanangu Mheshimiwa, umekosea. Sikiliza malalamiko yangu moja moja.

1. Tumbo ni dogo. Kibomba cha ndururu kinashika ndururu mia moja tu, zikiwa zimelaliana kama chapati. Mwenye ufunguo wa kukijaza ni mtu wako wa Kwale, naye huja Jumatatu peke yake, amechelewa na ana njaa. Jumanne saa tatu asubuhi kimebaki kioo kitupu, na mstari wa watu umefika kisimani. Mimi nimezaa tisa na kulea kumi na wanne, sijaona kiumbe mwenye meno mengi namna hiyo na tumbo la panzi. Wageni wakija na sufuria ikawa ndogo, humpigi mpishi. Unakwenda kuazima sufuria kubwa kwa jirani. Sefu ni mpishi tu. Sufuria ni yako.

Wala usiseme ndururu ni fedha ya kitoto, mbona hatuchukui noti. Sisi kina mama wa hapa tunapenda kulipwa kwa ndururu. Mimi nikidai shilingi tatu za korosho humwambia Sefu anipe zote ndururu, na anayenifuata husema hivyo hivyo. Noti huliwa na mchwa. Ndururu hailiwi na mdudu yeyote, na unaifunga kwenye pindo la leso ukalala nayo. Hizi sarafu mpya mlizoleta mwaka jana, zisizo na tundu, ni nzuri, zinang'aa, hongereni. Lakini hatuzitaki. Macho yangu yamechoka, na mimi fedha huijua kwa kuipapasa. Nikipapasa nisikute tundu, nitajuaje nimeshika nini?

2. Kuhusu sarafu ya mwisho. Sisi hapa hatukwangui chungu. Hata wali uwe mtamu namna gani unaacha ukoko kidogo chini, nyumba isijisikie imefilisika. Mtungi wa maji haukaushwi. Mkebe wa chumvi haufutwi kwa kidole. Sasa mashine yako imewekwa kioo, kila mtu anaona zimebaki ngapi, na zikifika nne mstari huanza kurudi nyuma.

Wiki iliyopita mbele ya mstari alikuwa Mzee Shutu, jirani yangu, mtu wa miaka sabini na ubishi wa miaka tisini. Akaona zimebaki tatu, naye anadai mbili. Akainama kufunga msuli wake kiunoni, na msuli wenyewe ulikuwa umefungwa. "Pita, bibie," akamwambia aliyemfuata. "Hapana baba, tangulia wewe, wewe ndiye mkubwa." "Ukubwa huo huo ndio unaonitanguliza kaburini, nisiuharakishe. Pita." Wa tatu akakumbuka kwamba mbuzi wake hakufungwa. Mwishowe nikapita mimi, kwa kuwa mikosi ya dunia hii ninaijua kwa majina na tunasalimiana. Nikachukua mbili. Moja ikabaki.

Ndururu hiyo moja ilikaa humo kiooni kuanzia Jumanne hadi Jumatatu, kijiji kizima kikiitolea macho, na hakuna aliyethubutu. Mtu wako alipokuja na ufunguo akaandika kwenye daftari lake kwamba karani ameficha moja. Mwanangu, ile haikufichwa. Ile ilikuwa ukoko.

3. Kuhusu Iddi mwenye duka. Kwa kuwa ndururu hazimfikii, Iddi anarudisha chenji kwa vitu. Alianza na peremende, tukanyamaza kwa ajili ya watoto. Akaja kwenye njiti za kibiriti, anazihesabu moja moja kama analipa mahari. Akaja kwenye bizari ndani ya kipande cha gazeti. Wiki iliyopita nimenunua sabuni nikarudishiwa nusu ya kitunguu, na nusu iliyobaki akasema niifuate nitakaponunua mafuta. Nikamwambia, "Iddi, mimi na wewe tumeoana lini hata tukagawana kitunguu?" Watu wakacheka hadi mizani ya duka ikatikisika. Lakini si kichekesho, Mheshimiwa. Kuna harusi inakuja. Siku ya harusi mwenye kupiga ngoma hutuzwa, somo anayemfunda bi harusi hutuzwa, bi harusi hutuzwa. Tutawatuza kwa vijiti vya kibiriti?

Na huyu Iddi, nimeambiwa, ndiye aliyepanda huko Kwale kukunong'oneza kwamba Sefu anauza ndururu kwa mlango wa nyuma. Ghala halina mlango wa nyuma. Nilikuwepo likijengwa, nilibeba maji ya udongo kwa kichwa hiki. Tena kama Sefu angekuwa anawauzia wenye maduka, mwenye duka wa karibu si ni Iddi mwenyewe? Basi kitunguu kingekatwa cha nini?

4. Hili namlalamikia Sefu, na utaona hapa hati imelegea. Mwezi wa Januari jino la ndururu lilikwama. Sefu akasema tumwite fundi kutoka Mombasa. Mimi nikasema chombo chochote kinachokwama dawa yake ni mafuta, nikaenda nyumbani nikaleta kikombe cha mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe. Sefu ni msomi. Alipaswa kukataa. Akasema, "Haya, Nyanya," akapaka.

Siku ile jino lilibonyezeka kama samli. Kesho yake sisimizi wamehamia ndani na wake na watoto. Sefu akibonyeza sumuni, inashuka sumuni na sisimizi watatu. Akibonyeza peni, wawili. Mzee Shutu akagoma kuondoka dirishani kwa madai kwamba mwenzake kapewa wanne na yeye mmoja. Siku tano tulikuwa tunapuliza fedha kabla ya kuifunga kwenye leso. Kosa la Sefu hapo ni kumtii mtu mzima. Ukimfukuza kwa hilo, fukuza na wengine wote waliolelewa vizuri, uone utabaki na nani.

5. Mashine haiitikii salamu. Hili nimelisamehe. Imetoka mbali, huenda huko ilikotoka hawasalimiani.

6. Sasa nalitaja lenyewe, na Sefu ameomba nisiliseme, nami nimemwambia mahamri aliyokula hayatoki tena, aandike.

Sefu amemposa mjukuu wangu Kadzo. Alikuja mwezi wa mfungo mosi, Ramadhani ilipokwisha, na wazee wake, kwa adabu, tukapokea. Kadzo ni mtoto wa marehemu binti yangu, nimemlea tangu hajaota meno, hana mlezi mwingine ila mimi. Nikaha ni Ijumaa ya kwanza baada ya Idi ya mfungo tatu. Kwa desturi yetu bwana harusi hukaa kwanza nyumbani kwa mkewe, nami nimewajengea chumba ubavuni mwa nyumba yangu, kwa jasho la korosho na mbata. Nimekiezeka bati jipya. Fundi wa bati alikuwa Kitsao, aliyeshuka kutoka huko ndani kwenye ukame, mtu ambaye mvua kwake ni hadithi, lakini kwa bati hana mfano. Tulimpandisha juu na ndoo nne za maji akazimwaga. Halikupita hata tone. Nililia. Miaka yote niliyoishi chini ya makuti, masika ikija nilikuwa nahama na kitanda kama anayekimbia mdai.

Sasa barua yako imebandikwa, na kisimani wameanza. Hawasemi kwa ubaya, wanasema kwa sauti tamu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi: "Nyanya, harusi bado ipo? Tumesikia bwana harusi ana mkono mwepesi." Nikamjibu mmoja kwamba mkono wa Sefu ungekuwa mwepesi angeanza na mdomo wake yeye, kwa kuwa umekaa wazi siku zote. Lakini nikirudi nyumbani namkuta Kadzo amekuna nazi kwa hasira mpaka kifuu kimeingia kwenye tui. Anakuna tu.

Na leo asubuhi Sefu mwenyewe alikuja, amevaa kanzu, akakaa ukingoni mwa jamvi kama mgeni. Akasema, "Nyanya, nimekuja kuirudisha posa. Nisije nikamchafulia Kadzo jina." Mwanangu Alfani, mimi nimepokea watoto waliokuja kwa miguu, na kwa kiuno, na pacha walioshikana mikono, lakini hapo nilikosa pa kushika. Nikamwambia, "Kaa vizuri ule, halafu uandike."

Ndiyo hii unayosoma.

7. Basi naomba yafuatayo. Nimeyapanga kuanzia dogo, ukiona dogo linatosha usiendelee.

Kwanza, kibomba cha ndururu kirefushwe hadi kwenye dari. Kioo kirefu hivyo kikiwa hakipatikani, kitolewe, liwekwe debe la mafuta ya taa, ila lioshwe kwanza, tumeshaona habari ya sisimizi. Debe likiwa dogo, liwekwe pipa la chuma. Pipa likiwa dogo, basi tangi kama lile la kunyweshea garimoshi nililoliona Mombasa mwaka wa vita. Tutasaidiana kulivuta, wanawake wa hapa wamevuta mengi.

Na kama ofisi yako inapenda kufanya jambo mara moja likaisha, ghala lote lifanywe tumbo. Mashine ibaki dirishani iwe mdomo, mbata ihamie nje ikaendelee kukauka, na Sefu apewe kiti.

Lakini nililolifikiria sana, hata usingizi umenipaa, ni hili. Kwale iko juu, sisi tuko chini. Itandikwe bomba ardhini kutoka mezani kwako hadi hapa ghalani. Wewe asubuhi ukishakunywa chai unamimina ndururu huko juu, nazo zinabingirika zenyewe, ni za mviringo, Mungu amezisahilishia safari. Hapo hapana haja ya ufunguo, wala mtu wa Jumatatu, wala njaa yake. Najua Gazi nao watataka tawi. Wape, ni kwenu.

Mzee Shutu alitaka niongeze kwamba kisiwa cha Chale kifanywe hazina ya ndururu, mashua iwe inakwenda na kurudi. Nimemwambia anyamaze. Chale kuna wenyewe wasioonekana, na hawapendi kelele.

8. Usiogope gharama. Tazama faida. Tangu mashine hii ifike, kwa miezi minne tu, nyumba tano za hapa kisimani zimevua makuti zikavaa bati: yangu, ya dada zangu wawili, ya mwalimu wa chuo, na ya mama yake Kitsao, ambaye mwanawe amemhamishia huku. Ya Mzee Shutu iko njiani, imebaki upande mmoja. Kama tumbo dogo hivi limeezeka nyumba tano, tumbo la pipa lingeezeka tarafa. Ukitaka kuona uhuru umefika, usiangalie bendera. Simama kisimani saa sita mchana, utazame mapaa yetu yanavyokupiga machoni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ongeza tumbo, na barua ya mlangoni uibandue, na Sefu umwache mahali pake. Makosa ni ya chombo.

Nafikiri nimesema, na chai imepoa, na Sefu vidole vimemfanya ganzi. Nisalimie mkeo, umwambie asikulishe mno. Wasalimie watoto wako wote, na mwenyekiti, na yule tarishi mwenye kigugumizi. Msalimie mtu wako wa ufunguo, umwambie nimemwekea samaki, changu mkavu, aje mapema akiwa na njaa yake. Iddi tunamsalimia wenyewe hapa hapa. Mzee Shutu anakusalimu, na Kitsao, na sisimizi waliobaki.

Ni mimi, niliyekupokea ukiwa umetanguliza miguu,

Mejumaa binti Chirau
(dole gumba la mkono wa kulia)

Nyongeza, baada ya dole gumba:

Mwanangu Alfani, haya Sefu hakuyaandika. Nimemtuma kwa Iddi akanunue bahasha na stampu, na Iddi kwa kutafuta chenji atamkawiza. Anayeandika sasa ni Kadzo, ndiyo maana unamwona kuku.

Barua ilipokwisha nilimwambia Sefu anisomee yote tangu mwanzo, nisikie kama imekaa sawa. Akasoma vizuri, kwa sauti ya ofisi. Alipofika pale pa kurudisha posa, akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Mimi sipendi kumtazama mwanamume akiwa hivyo, nikainua macho nitazame juu. Tulikuwa tumekaa ndani ya kile chumba kipya. Nikaona ncha za misumari zimetokeza chini ya bati, safu kwa safu, zimenitazama na mimi nikazitazama.

Umeuliza fedha ndogo zinakwenda wapi. Zinakwenda juu.

Msumari wa bati unataka washa, kile kiduara cha chuma chenye tundu kinachokaa chini ya kichwa cha msumari, mvua isipite. Washa moja kwa Iddi ni senti kumi, yaani ndururu mbili. Fundi Kitsao akaniambia, "Nyanya, kwa nini utoe ndururu mbili ununue kitu chenye tundu, na ndururu yenyewe ina tundu?" Mimi sikusoma, lakini hesabu hiyo niliielewa kabla hajaimaliza. Tukawaambia na wengine. Ndiyo maana hatutaki noti. Ndiyo maana hatutaki hizi mpya zisizo na tundu, bado hatujaona ni za nini. Mchwa niliowataja kule juu niliwasingizia, na macho yangu yanaona vizuri tu, hata kitambi chako nitakiona ukiwa bado Kwale. Na Iddi nadhani kilichomuuma si chenji, ni washa zake zilizoota kutu kwenye mkebe.

Sefu hajui. Sikumwambia kwa kuwa yeye ni mtu wa mashine, angeona haya kwa niaba yake. Nilidhani ni jambo la kuchekesha, nitamwambia siku ya harusi watu wacheke. Sikujua ndururu zinaweza kuhesabiwa kutoka Kwale.

Basi njoo mwenyewe, ngazi ipo. Chumba cha Kadzo kina mabati ishirini na manne, kila bati misumari kumi na miwili. Utapata ndururu mia mbili na themanini na saba. Moja Kitsao alikuwa ameishika mdomoni pamoja na misumari, akapiga chafya, akaimeza. Tunaingojea. Nyumba za wengine tutakupitisha moja moja. Hakuna hata moja iliyouzwa, zote tulilipwa kwa haki, na zote zipo. Ila kuzing'oa usithubutu. Ukitaka zirudi Kwale, zichukue na misumari yake, na mabati yake, na masika uizuie wewe kwa mkono wako.

Na ile habari ya tumbo, iache. Tumbo la mashine lina kadiri yake, liacheni lilivyo. Mngeleta pipa tungelimaliza, mngeleta tangi tungelimaliza, bomba la kutoka Kwale ndilo usithubutu kabisa, tungeezeka hata vibanda vya kuku. Wewe lete ghalani washa zinazouzwa ndururu moja moja, uone kama fedha ndogo hazitarudi sokoni wiki hiyo hiyo. Lakini Jumatatu hii, kabla hujazileta, mtu wako atujazie kibomba mara moja ya mwisho. Upande wa Mzee Shutu haujapigwa msumari, na mawingu nimeyaona.

Barua ya mlangoni ibandue kwa mkono wako, watu wakiwa kisimani, useme kwa sauti kwamba umekosea. Usione aibu. Mimi nimekuona siku uliyozaliwa ukiwa na haya kidogo kuliko hivyo.

Kadzo ananiambia Sefu anakuja, ameshika bahasha mkono mmoja na mkono wa pili nusu ya kitunguu. Naacha hapa. Usimwandikie habari hii ya misumari mpaka mvua ya kwanza ipite. Nataka alale pakavu kwanza, ndipo anikasirikie.